Mashujaa, Alama za Taifa na Majina ya Mabweni Yetu

(Maneno ya hotuba iliyosomwa Sitalike mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya mashujaa wa taifa, na sababu yake mnaijua. Mabweni mawili mapya yamekwisha ezekwa, vitanda vinatafutwa, na milango haina majina. Katika kikao kilichopita majina mawili yalipendekezwa na kupigiwa makofi: Mkwawa na Mirambo. Mimi nimekaa darasani na historia kwa miaka mingi, kwa hiyo wenzangu waliona ni haki yangu kuja kuyasifu majina hayo kabla hayajapakwa rangi. Nitayasifu. Lakini naomba mnivumilie, maana nina neno la kuongeza, na huenda likawachelewesha mafundi wa rangi.

Naanza na ninyi vijana. Kila mmoja wenu anajua bibi na bwana. Ndivyo wananchi walivyoibatiza nembo ya taifa, ile iliyo kwenye vyeti vya kuzaliwa, kwenye vyeti vya mtihani, na juu ya mlango wa ofisi ya kila mkuu wa wilaya. Mmeiona mara elfu, na kwa sababu hiyo hamjaitazama. Itazameni leo. Katikati iko ngao, na ndani ya ngao mna mwenge, bendera, shoka na jembe vilivyopishana, mkuki, na mawimbi ya maji. Ngao imeshikwa na mwanamume na mwanamke waliosimama juu ya mlima Kilimanjaro, na mikononi mwao mna pembe mbili za ndovu. Chini ya miguu ya mwanamume umeota mkarafuu. Chini ya miguu ya mwanamke umeota mpamba. Kisha maneno mawili: Uhuru na Umoja.

Shuleni tulifundishwa kukariri kwamba karafuu na pamba ni mazao ya uchumi na kwamba pembe ni mali ya asili. Ukijibu hivyo katika mtihani unapata alama zako, nami nilizitoa alama hizo bila kusita. Lakini hebu tuulize vitu hivi vilikuwa nini kabla havijapanda kwenye nembo.

Pamba kwanza. Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianza kuwalazimisha wananchi wa kusini kulima mashamba ya pamba chini ya majumbe na maakida. Mtu aliacha shamba lake mwenyewe liote majani, akaenda kulima la serikali kwa kiboko, na malipo yake yalikuwa haba hata wengine wakayakataa kwa hasira. Julai 1905, katika kijiji cha Nandete huko Umatumbi, wazee wawili, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, waliingia katika shamba la pamba wakang'oa mashina machache. Hawakumpiga mtu, hawakuchoma boma. Waling'oa pamba. Kung'oa kule kulikuwa tangazo la vita, na kila aliyeona alielewa hivyo. Ndivyo ilivyoanza Majimaji, vita iliyoenea kutoka Umatumbi mpaka Uzaramo, Uluguru, Kilombero na Ungoni, ikaendelea mpaka 1907. Wajerumani walipoona risasi hazitoshi waliteketeza mazao na ghala, na njaa ikamaliza kazi. Hesabu ya chini ya waliokufa ni 75,000. Wako wanahistoria wanaofika 300,000.

Karafuu je? Mashamba ya Unguja na Pemba yalipandwa na kupaliliwa na watumwa, wengi wao wakiwa wametoka bara huku kwetu na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Na pembe za ndovu? Zilibebwa mabegani mwa wapagazi, watumwa na waungwana pamoja, kutoka Ujiji mpaka Tabora mpaka Bagamoyo. Sisi tunaokaa mlangoni mwa hifadhi hatuhitaji kuelezwa pembe ni nini. Katika miaka ya karibuni majangili walimwaga damu ya tembo katika mapori ya nchi hii kwa ajili ya kitu kile kile ambacho bibi na bwana wamekishika kwa heshima.

Basi, ndugu zangu, nembo yetu imejaa majeraha. Mpamba ulio miguuni pa mwanamke yule ni mmea ule ule ambao wazee wa Nandete waliung'oa. Wako watakaosema waliochora hawakufikiri. Mimi nasema waliofanya hivyo, wakijua au wasijue, walifanya jambo kubwa: walichukua kitu cha mtawala wakakigeuza kuwa chao. Hatukufanya sisi peke yetu. Waayalandi, ambao walitawaliwa na Waingereza karne nyingi kuliko sisi, wana kinubi kuwa alama ya taifa lao. Mfalme Henry VIII wa Uingereza ndiye aliyekipiga chapa kwenye sarafu alizowapelekea, na mpaka leo kinubi kile kimo pia katika ngao ya ufalme wa Uingereza. Hata hivyo, walipojipatia dola yao mwaka 1922 hawakukitupa. Walikishika wao, na tangu 1928 kimo katika sarafu zao wenyewe.

Hapo ndipo penye neno langu la leo. Alama ina nguvu pale ambapo watu wanajua iliwagharimu nini. Ukiondoa gharama, ukabakiza picha, unabaki na muhuri wa ofisini. Na shujaa ni vivyo hivyo. Tunampenda akiwa amekwisha kufa, amenyamaza, na amekatwa kucha. Tunamkata kila kinachotusumbua, tunabakiza jina, tunalipaka mlangoni.

Tumchukue Mkwawa. Tarehe 17 Agosti 1891 majeshi yake yalilivamia jeshi la Emil von Zelewski pale Lugalo, na kwa muda mfupi karibu watu 300 wa jeshi lile walikuwa wamelala chini, Zelewski mwenyewe miongoni mwao. Wajerumani hawakusahau. Waliiteka ngome ya Kalenga Oktoba 1894, wakamwinda mtwa yule msituni miaka minne, na Julai 1898, akiwa mgonjwa na amezingirwa, alijipiga risasi. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Hili la kichwa ndilo linalonishangaza kila mwaka ninapolisoma. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, mataifa makubwa yakakaa Versailles mwaka 1919 kugawana dunia, na katika mkataba ule, kifungu cha 246, wakaandika kwamba Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Kifungu kilikaa bure miaka 35. Kisha Gavana Edward Twining akaenda mwenyewe katika jumba la makumbusho la Bremen, akachagua fuvu moja kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya watu wa ukoo, na tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu.

Kwa nini gavana wa kikoloni ahangaike hivyo kwa ajili ya mtu aliyepigana na wakoloni? Tazameni kalenda. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952. Serikali ya Kiingereza ilihitaji machifu wenye shukrani na vijana wa kuingia jeshini, na ilikuwa nafuu kumpa Mhehe heshima ya babu yake kuliko kumpa kura. Twining aliujua uzito wa alama, tena aliujua vizuri. Lakini siku 18 baadaye, tarehe 7 Julai 1954, TANU ikazaliwa Dar es Salaam, na fuvu lile lile alilolileta kuwafunga watu kwa shukrani likaanza kuhesabiwa upande wa pili. Chifu Adam Sapi aliyelipokea ndiye aliyekuja kuwa Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge letu. Shujaa si mali ya aliyemleta.

Waayalandi nao wana kisa cha namna hiyo. Roger Casement, mtu aliyeandika taarifa juu ya ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold huko Kongo, ng'ambo ya ziwa letu, aligeuka mpigania uhuru wa Ayalandi, na Waingereza walimnyonga London Agosti 1916. Mwili ulizikwa gerezani. Watu wake waliudai karibu miaka 50 mpaka wakaupata mwaka 1965, wakauzika Dublin kwa heshima zote za taifa. Na wenzake waliosimama na silaha Dublin wakati wa Pasaka ya 1916 hawakushangiliwa na mji. Wananchi wengi waliwalaumu kwa kuleta mizinga mitaani. Ni baada ya Waingereza kuwapiga risasi viongozi, mmoja mmoja, asubuhi baada ya asubuhi, ndipo moyo wa nchi ulipogeuka. Kitanzi cha mtawala huzaa mashujaa kuliko hotuba, ikiwamo hii yangu.

Songea wanalijua hilo. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni kwa makumi, wakazikwa katika kaburi moja. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke, Mkomanile. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye, na jamaa zake wanaamini kichwa chake nacho kilipelekwa Ujerumani. Mji ukachukua jina lake. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika pale akaomba msamaha mbele ya jamaa za marehemu. Ilikuwa imepita miaka 117. Kule Old Moshi wanamngoja bado Mangi Meli, aliyenyongwa Machi 1900. Nao wanachokidai ni kichwa.

Sasa nije kwa Mirambo, na hapa najua nitawakera baadhi ya wenzangu. Mirambo wa Urambo alikuwa kiongozi wa akili nyingi. Aliunganisha nchi ndogo ndogo za Unyamwezi, aliwapa Waarabu wa Tabora taabu tangu 1871, na mpaka alipokufa Desemba 1884 hapakuwa na msafara uliopita magharibi bila kuuliza Mirambo anasemaje. Wimbo wa sifa zake unastahili. Lakini jeshi lake lilikuwa rugaruga, na rugaruga walikula walichokiteka. Watu wa nchi za pembeni walijenga vijiji vyao ndani ya maboma ya miti, wakilima huku mmoja akikaa juu ya kichuguu kutazama vumbi. Wanaposoma hapa watoto wa Wakonongo, Wapimbwe, Wabende, Wafipa na Wanyamwezi, jina la Mirambo mlangoni si jina moja. Kwa mmoja ni babu, kwa mwingine ni sababu ya babu kuhama.

Sisemi tuliache. TANU ilikabiliwa na tatizo hili hili katika nchi nzima: makabila zaidi ya 120, kila moja na mtemi wake, na shujaa wa huku ni adui wa kule. Walifanya mambo mawili. La kwanza, walitafuta alama zisizo na kabila: mwenge, mlima, jembe, twiga. Oktoba 1959 Mwalimu Nyerere alisema katika Baraza la Kutunga Sheria kwamba sisi tungependa kuwasha taa na kuiweka juu ya Kilimanjaro imulike hata nje ya mipaka. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda akaupandisha mwenge na bendera kileleni. La pili, walichagua vita ambayo haikuwa ya kabila moja. Majimaji iliunganisha watu waliokuwa hawajawahi kuungana, kwa hiyo mwaka 1956 Mwalimu alipokwenda Umoja wa Mataifa alieleza kwamba wananchi wale walipigana kwa sababu hawakukubali kuwa mgeni ana haki ya kuwatawala, na kwamba TANU inaendeleza dai lile bila silaha.

Ilikuwa hoja safi, nayo ni ya kweli. Lakini hata hapo palikatwa kitu. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji, aliwaambia risasi zitageuka maji. Hazikugeuka. Yeye mwenyewe alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa bado changa, na maelfu wakaendelea kuingia mbele ya bunduki za mzinga wakipaza sauti ya maji. Tufanye nini na neno lile? Ebrahim Hussein hakulikwepa. Katika mchezo wake wa Kinjeketile, uliotoka mwaka 1969, alimfanya mtu yule ajiulize juu ya neno lake mwenyewe na aone limekwisha kumtoroka. Hussein alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia, na ni haki yake mtunzi. Mwaka mmoja kabla, 1968, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini na madaftari kuwauliza wazee walioikumbuka vita. Vijana, wale walikuwa wanafunzi kama ninyi. Bila daftari zile tungebaki na ripoti za Wajerumani na sifa zetu wenyewe tu.

Mwenge nao nauseme kidogo. Tulipokuwa wanafunzi tulifyeka majani kando ya barabara ya Mpanda kwa siku mbili, tukasimama pale darajani tangu asubuhi tukiwatazama viboko wa mto Katuma, nao wakitutazama. Mwenge ulipofika ulipita kwa kasi, vumbi likatufunika, na tukaimba huku tukikohoa. Nilifurahi sana, sifichi. Moto uliokuwa umeshikwa na mtu wa Mtwara na wa Kagera ulikuwa umefika Sitalike! Kwa mtoto ambaye hajawahi kufika hata Tabora, nchi ilikuwa kitu cha kusadiki tu, na siku ile niliiona. Siku hizi wako wanaolalamika juu ya gharama na michango, nami namjua mzazi aliyedaiwa kuku wa mwisho kwa ajili ya mapokezi. Malalamiko yale yasidharauliwe. Mwenge uliwashwa kuleta tumaini mahali pasipo na tumaini; ukipita nyumbani kwa mtu ukamwacha na pungufu ya kuku, atakumbuka kuku.

Nalinganisha na mkwaju wa Katabi. Hakuna aliyeuchora kwenye noti. Wazee wetu wanasema pepo wa Katabi, aliyekuwa mwindaji, anakaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na mpaka leo watu huenda kuweka sadaka shinani. Hifadhi ikachukua jina lake, na tangu mwaka 2012 mkoa mzima pia. Sijui kama kuna mkoa mwingine ambao barua zake zote za serikali zinaanza kwa jina la pepo! Simwambii mtu aende akaabudu. Kila mmoja na dini yake. Naonyesha tu kwamba alama ile imedumu bila bajeti na bila kamati, kwa sababu watu wenyewe wanaipelekea kitu na wanakijua kisa chake.

Nimesema tunawakata mashujaa kucha. Mfano wa mwisho ni wa karibu zaidi. Bibi Titi Mohamed alijiunga na TANU, na mwaka 1955 akawa kiongozi wa akina mama, na kwa sauti yake wanawake wa Dar es Salaam wakaingia chamani kabla ya waume zao waliokuwa wakiogopa kufukuzwa kazi serikalini. Mwaka 1969 alikamatwa kwa shtaka la uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa kwa msamaha mwaka 1972. Kwa miaka mingi vitabu vya shule vilipita juu ya jina lake kama mtu anayeruka dimbwi. Leo ana barabara kubwa Dar es Salaam, na alipofariki Novemba 2000 taifa lilimlilia. Barabara inamsifu kwa 1955 na haisemi neno juu ya 1969. Mimi ningependa mtoto wa kike alale katika bweni lenye jina lake, na aulize.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naleta pendekezo, na naomba liandikwe. Jina la Mkwawa libaki katika bweni la wavulana. Jina la Mirambo lisubiri mpaka wazee wa vijiji vyetu wahojiwe wanalikumbuka vipi. Kidato cha Tatu wanaweza kuifanya kazi hiyo likizo ijayo, na mimi nitanunua madaftari. Bweni la wasichana liitwe Bibi Titi. Na bwalo jipya, likikamilika, liitwe Nandete, kwa ajili ya wazee wawili waliong'oa pamba na ambao nusu ya watu waliokaa hapa wamesikia majina yao leo kwa mara ya kwanza. Ndani ya kila mlango kitundikwe kibao chenye maneno yasiyozidi mia moja: huyu alikuwa nani, alifanya nini, nani alimwogopa, na alipatwa na nini. Kibao kiandikwe na wanafunzi, kisomwe na walimu, kisisafishwe na kamati.

Najua Ndugu Mweka Hazina atasema fedha za vibao hazimo katika makisio. Mbao tunazo, zimebaki za paa. Na rangi, kwa bahati njema, bado haijanunuliwa.

Sasa nasikiliza mimi. Naona mkono wa kijana umekwisha inuka kule nyuma.